Ndoa Zinazotenganishwa na Viza

Katika parokia zetu, toka Tanga mjini hadi Pangani, zipo familia ambazo baba au mama anafanya kazi Uingereza. Yafaa tuzielewe sheria zinazowagusa.

Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, aliyeomba viza ya kazi ya kutunza wazee hakuruhusiwa kuongozana na mwenzi wala watoto. Wauguzi hawakuwamo katika katazo hilo. Tangu tarehe 11 Aprili 2024, raia au mkazi wa kudumu anayeomba kwa mara ya kwanza kumleta mwenzi wake hutakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600 za awali.

Kanisa linakiri kwamba serikali inayo haki ya kuratibu uhamiaji. Hata hivyo, Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, inafundisha katika ibara ya 12 kwamba mfanyakazi mhamiaji ana haki ya kuunganishwa na familia yake mapema iwezekanavyo.

Tunawasihi wanandoa wayasome masharti ya viza pamoja kabla ya kusaini mkataba. Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo zisimwache mpweke mzazi aliyebaki na watoto.