Mama arejeapo kazini asihukumiwe kwa likizo yake

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata hivyo, katika ukanda wetu huu wa Pwani, tangu Mtwapa hadi Kilifi, Watamu na Malindi, wapo akina mama walioonja uchungu wa pili, nao umewafika siku waliporejea kazini.

Tuseme ni mwalimu wa shule ya kibinafsi. Kabla ya kujifungua alikuwa mkuu wa idara ya Kiswahili na akifundisha kidato cha nne. Anaporudi baada ya miezi mitatu anakuta idara imekabidhiwa mwingine, naye amepangiwa vipindi vya kidato cha kwanza, vya alfajiri na vya jioni. Ananyamaza, kwa kuwa anahitaji mshahara. Muhula unapokwisha anaitwa afisini na kuonyeshwa karatasi: silabasi haikukamilika, wastani wa darasa umeshuka, na amechelewa mara tatu. Hakuna anayemtaja mtoto. Barua anayopewa inasema tu kwamba utendakazi wake ni duni.

Msomaji akiondoa chaki na kuweka shuka za kitanda, kisa hiki kitakuwa cha hoteli ya ufuoni. Akiweka kikokotoo, kitakuwa cha benki au duka la jumla. Kiini chake ni kimoja: likizo ya mama inageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Tukumbuke tulikotoka. Chini ya Sheria ya Ajira ya 1976, mama alipewa miezi 2 ya likizo kwa mshahara kamili, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya kawaida ya mwaka huo. Kuzaa kulihesabiwa kana kwamba ni mapumziko ya starehe. Sheria ya 2007 iliondoa dhuluma hiyo. Kifungu chake cha 29 kinampa mama miezi 3 kwa mshahara kamili, bila kumnyima likizo ya mwaka, na kinampa baba wiki 2. Muhimu zaidi, kinampa mama haki ya kurudia kazi ile ile aliyoiacha, au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko yale ambayo angekuwa nayo lau hangeenda likizo. Kwa walimu walioajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, mkataba wa 2021 kati ya Tume na vyama vyao uliongeza likizo hiyo kutoka siku 90 hadi 120.

Basi ikiwa sheria imenyooka hivyo, mbona malalamiko hayaishi? Jibu ni kwamba sheria inasomwa sana siku ya kuondoka na kusahauliwa siku ya kurudi. Mwajiri anayejua kuwa hawezi kumfuta mtu kwa kuwa na mimba, maana kifungu cha 46 kinakataza waziwazi, anaweza kungoja miezi michache kisha akashika fimbo ya utendakazi.

Hapa ndipo inapofaa tuulize: utendakazi huo umepimwa vipi? Mwalimu aliyekuwa likizoni miezi mitatu hawezi kulinganishwa na mwenzake aliyekuwa darasani mwaka mzima, kisha wote wawili wakaulizwa silabasi imefika wapi. Pengo la masomo wakati wa likizo ni jukumu la msimamizi wa shule, ambaye alipewa notisi mapema na alikuwa na wajibu wa kutafuta mwalimu wa kushikilia nafasi hiyo. Ikiwa hakumtafuta, pengo hilo haliwezi kuandikwa kwa jina la mama. Haki ni kumpima kwa siku alizokuwa kazini, kwa kazi aliyokabidhiwa.

Isitoshe, haitoshi mwajiri kudai tu. Kifungu cha 41 kinamtaka, kabla ya kumwachisha mtu kwa utendakazi duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama aliyemchagua, na amsikilize. Na panapodaiwa ubaguzi, kifungu cha 5 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba haukutendeka. Akishindwa, mahakama inaweza kuamuru alipe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12 kwa kumwachisha mtu isivyo haki.

Kadhalika kuna suala la maziwa. Wataalamu wa afya wanashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, hali likizo inaisha kwa 3. Sheria ya Afya ya 2017 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuagiza waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea, na kumruhusu mama muda usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, nao uhesabiwe kama muda wa kazi. Lakini mama anayejificha chooni kukamua maziwa anaambiwa kwamba amepotea zamu. Huko kuchelewa mara tatu kunakoandikwa faili huenda ndiko huko.

Walio hatarini zaidi ni wale wasio na mikataba ya kudumu: walimu wa bodi wanaoajiriwa kwa muhula, na wahudumu wa hoteli wanaoitwa msimu wa watalii na kuagwa mvua za masika zianzapo. Kwao hakuna hata barua. Mkataba hauhuishwi tu, na simu haipigwi. Wajue kwamba kifungu cha 37 kinamtambua kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi kuwa mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi, na haki zinazoambatana na hali hiyo.

Nisieleweke vibaya. Wapo wanaorudi kazini na kuzembea kweli, na likizo ya uzazi haimpi mtu kinga ya milele. Wapo pia walimu wanaobeba vipindi vya mwenzao miezi yote hiyo bila hata asante, na manung'uniko yao yana msingi. Vilevile, shule ndogo inayolipa mshahara wa aliye likizoni pamoja na wa anayemshikilia inaumia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 uliliona jambo hili, ukapendekeza gharama hiyo ibebwe na bima ya jamii au hazina ya umma badala ya mwajiri mmoja mmoja. Majirani zetu wa Tanzania wana fao la uzazi katika mfuko wao wa hifadhi ya jamii. Nasi tukifanya hivyo, kishawishi cha kumkwepa mwanamke kijana wakati wa kuajiri kitapungua. Lakini hadi hapo, mzigo wa sera usitupwe mgongoni mwa mama anayenyonyesha.

Kwa akina mama nina ushauri mfupi. Andika barua ya kuomba likizo, na uhifadhi nakala. Siku ya kurudi, omba majukumu yako kwa maandishi. Usitie sahihi tathmini usiyokubaliana nayo kabla ya kuandika maoni yako chini yake. Ukiachishwa, mwendee afisa wa leba kabla miezi 3 haijapita. Mahakama ya Ajira na Leba nayo huketi hapa hapa Malindi, hivyo haki si jambo la kufuatwa Nairobi tena.

Na kwa walimu wakuu: kumbukeni kwamba madarasa yenu yana macho. Msichana wa kidato cha pili anayeona mwalimu wake akishushwa cheo kwa sababu ya kuzaa, anajifunza kwamba mwanamke sharti achague kati ya mwana na kazi. Mvulana aliye kando yake anajifunza lilo hilo, na kesho ndiye atakayekuwa meneja. Somo hilo halimo katika silabasi, wala halina mtihani, lakini wanafunzi hawalisahau.