Gari likigonga mbele, lichunguzwe Kampala kabla ya mpaka

KAMPALA. Jua halijapanda vizuri, lakini vichochoro vya soko la Kisekka, katikati ya jiji la Kampala, huwa tayari vina watu walioshika vyuma vilivyolowa grisi. Huyu ana tairodi iliyokwisha, yule ana beringi kwenye mfuko wa nailoni. Wengi wanatafuta kitu kimoja: kipuri kitakacholinyamazisha gari kabla halijapakiwa mzigo wa Juba, Bunia au Beni.

Kwa mfanyabiashara wa mipakani, Land Cruiser au Prado ni duka linalotembea. Likiharibikia Kampala, fundi yuko mtaa wa pili, iwe Kisekka, Katwe au Ndeeba. Likiharibikia baada ya Mpondwe au Elegu, mzigo hulala barabarani, dereva hulala juu ya mzigo, na kipuri huagizwa kwa simu kwa bei ya mwenye shida. Tena yapo maungio ya mbele ambayo yakiachia, gurudumu hulala na gari halishikiki tena. Hapo hasara haihesabiwi kwa fedha tu.

Hata hivyo, pesa nyingi hupotea kwa kubadilisha kipuri kisicho na kosa. Gari likigonga, wengi hukimbilia shokapu kwa sababu zinaonekana na ni rahisi kufungua. Shokapu mpya zikifungwa, mlio unabaki palepale. Kosa lilikuwa bushi ndogo ya mpira.

Mlio hutaja jina lake

Swali la kwanza ni: gari linalia wakati gani?

Likigonga “ko-ko” polepole kwenye mashimo madogo, anza na viungo na bushi za stabilaiza, kisha bushi za shokapu, boljointi na tairodi. Likilia “tik-tik-tik” wakati wa kukata kona huku linavuta kwa magurudumu ya mbele, shaka iko kwenye maungio ya shafti ya mbele. Kwa Land Cruiser zenye loki za mkono kwenye magurudumu ya mbele kipimo ni rahisi: fungua loki, endesha tena kwa magurudumu ya nyuma pekee. Mlio ukipotea, kosa ni la shafti au difu ya mbele, kwa kuwa sasa havizunguki. Ukibaki, tafuta kwenye gurudumu lenyewe.

Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka huwa wa beringi ya gurudumu au wa tairi. Kwenye barabara iliyo wazi na salama, pinda kidogo kushoto, kisha kulia. Ukipinda kushoto uzito huhamia kulia, hivyo mvumo ukizidi hapo, beringi ya kulia ndiyo ya kushukiwa. Mvumo ukibadilika pale lami inapobadilika, huenda ni tairi za matope zenye meno makubwa. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma kabla ya kununua chochote.

Usukani ukilia kama mbu unapozungushwa hadi mwisho, angalia kwanza mafuta ya usukani na mkanda wa pampu. Kazi hiyo haihitaji hata spana.

Kipimo cha jeki

Baada ya sikio huja mkono. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yawekewe mawe au vigingi, na gari likishanyanyuliwa liwekwe juu ya stendi. Jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye chini ya gari.

Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Kisha lishike kushoto na kulia, ulitikise tena. Likicheza kushoto na kulia tu, tairodi ndizo za kwanza kutazamwa. Likicheza juu na chini pia, kosa ni beringi ya gurudumu, au kingipini kwa gari lenye ekseli nzima, au boljointi kwa gari ambalo kila gurudumu la mbele lina mkono wake.

Namna ya kutenganisha makosa hayo ni moja. Mtu akanyage breki huku mwingine akitikisa. Breki hushikanisha kitovu cha gurudumu na sehemu kinapofungwa. Mchezo ukiisha, beringi ndiyo imelegea, na mara nyingine kuikaza na kuitia grisi kunatosha. Mchezo ukibaki, tafuta kingipini au boljointi.

Kwa Prado, weka jeki chini ya mkono wa chini, karibu na gurudumu, ili springi ibanwe. Kisha ingiza mtaimbo chini ya tairi na uinue taratibu. Boljointi iliyokwisha itaonekana ikipanda na kushuka. Gari hilo lisivuke mpaka, wala lisitoke gereji, hadi boljointi ibadilishwe.

Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, tazama pia kichwa cha ekseli nyuma ya gurudumu. Ukikuta supu nyeusi ya grisi iliyochanganyika na oili, sili ya ndani imepasuka. Oili ya difu imeingia kwenye grisi na kuilainisha, na beringi za kingipini haziko salama tena. Kupangusa tu ni kuuahirisha ugonjwa.

Usukani unaocheza, unaotetemeka, unaovuta

Usukani unaozunguka kidogo bila magurudumu kugeuka hupimwa na watu wawili. Injini ikiwaka na gari likiwa chini, mmoja atikise usukani kushoto na kulia kwa wepesi. Mwingine aguse kila kiungo kwa mpangilio: nguzo ya usukani, sanduku la usukani, mkono wake, fimbo inayokwenda kwenye gurudumu, kisha tairodi. Kiungo ambacho upande mmoja unasogea na wa pili haujasogea ndicho kilichokwisha.

Mtetemo wa mwendo wa kasi kwenye lami mara nyingi ni wa balansi ya tairi, rimu iliyopinda au matope yaliyokaukia ndani ya rimu. Osha rimu kwanza. Usukani ukitetemeka pale tu unapokanyaga breki, angalia diski. Gari likivuta upande mmoja, pima upepo, kisha sogeza mkono karibu na kila rimu baada ya safari. Rimu yenye moto kuliko mwenzake inaonyesha breki iliyong’ang’ania.

Mtetemo mwingine ni wa kutisha. Gari lenye ekseli nzima hupiga shimo, na ghafla magurudumu ya mbele huanza kupiga kushoto na kulia kwa nguvu hadi dereva apunguze mwendo kabisa. Chanzo huwa ulegevu wa kingipini, tairodi, beringi, au bushi za fimbo ya Panhard kwenye Land Cruiser zenye springi za duara mbele. Gereji nyingine hufunga shokapu mpya ya usukani na kurudisha ufunguo. Shokapu hiyo huficha ulegevu kwa siku chache, kisha mtetemo hurudi, pengine gari likiwa na mzigo kamili.

Si kila uzito wa usukani ni ugonjwa. Fowili ikiwa imefungwa kwenye lami kavu, gari hukaza na kushtuka kwenye kona kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayapiti njia ya urefu mmoja. Itoe fowili kabla hujamwita fundi.

Alaimenti iwe ya mwisho. Kuifanya kabla ya kubadilisha viungo vilivyolegea ni kulipa mara mbili.

Kushoto au kulia?

Anayenunua Kampala kwa ajili ya gari la ng’ambo ana mtego mwingine. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara. Rwanda, Burundi, Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Gari lenye usukani wa kushoto halitumii raki, sanduku la usukani wala fimbo zake za gari lenye usukani wa kulia. Mwambie muuzaji usukani uko upande gani, mpe namba ya chesisi, na ikiwezekana beba kipuri cha zamani. Tairodi nazo hutofautiana nyuzi, za kushoto na za kulia, hivyo zijaribu kwa nati kabla ya kulipa.

Kipuri kilichotumika kikaguliwe kwa jicho na kidole: mpira usiwe umepasuka, beringi izunguke bila kukwaruza, shafti isiwe na mifereji pale golori zinapopita.

Na risiti itunzwe. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na Sudan Kusini tangu 2016, lakini utaratibu rahisi wa biashara ndogondogo unahusu bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Beringi iliyotengenezwa Japan haigeuki kuwa ya Uganda kwa kununuliwa Kisekka. Atakayeipeleka kuiuza ng’ambo aingize ushuru katika hesabu yake mapema.

Kutoka Kampala hadi Mpondwe ni zaidi ya kilomita 400, na ng’ambo ya hapo njia ya Beni bado inasubiri. Ukaguzi wote huu, wa watu wawili wenye jeki, stendi na mtaimbo, humalizika asubuhi moja, kabla kamba ya kwanza haijafungwa juu ya mzigo.