Hapana, Huku Madeni Hayakufutwa

Ujumbe wa sauti wa dakika tatu na ushee uliingia kwenye grupu la ukoo saa tano usiku. Anaongea binamu yangu, mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wetu. Kwanza anatangaza kwamba kiwango cha chini cha mchango kimepandishwa, hata kwa walioahidi zamani, kwa kuwa "vitu vimepanda." Kisha ananigeukia mimi, kwa jina, mbele ya watu themanini na kitu: kaka wa Ulaya ajitahidi, maana huko aliko mabenki yalipoanguka kila mtu alifutiwa mkopo wa nyumba na wenye mabenki wakatupwa jela. Akabandika na picha ya bendera ya Iceland yenye maandishi makubwa. Mama mdogo akaandika, "Mungu mkubwa."

Naishi Kópavogur, mji ulioungana na Reykjavík. Nina mkopo wa nyumba. Mwaka 2020 nilikopa krona milioni 38. Sijawahi kuchelewesha rejesho hata mwezi mmoja. Leo nadaiwa milioni 46 na ushee. Nilipolisema hilo grupuni, shangazi akaniuliza kama nimeanza kubeti. Basi naandika hapa kwa kirefu, na kesho nitawatumia kiungo.

Oktoba 2008, ndani ya wiki moja, mabenki makubwa matatu ya Iceland yalianguka: Glitnir, Landsbanki na Kaupthing. Nchi ina watu wachache kuliko wilaya zetu nyingi, lakini mabenki yake yalikuwa yamekopa nje hadi mizania yao ikawa mara kadhaa ya pato zima la taifa. Tarehe 6 Oktoba Waziri Mkuu Geir Haarde alihutubia kwenye televisheni akamaliza kwa kumwomba Mungu aibariki Iceland. Kwetu huo ni mwisho wa kawaida wa hotuba yoyote, hata ya kuzindua kisima. Huku, mzee mmoja aliniambia, hapo ndipo alipomwambia mkewe, "Tumekwisha."

Mzee huyo nakutana naye bwawani, na lazima nieleze bwawa, vinginevyo hamtaelewa habari zangu nazipata wapi. Karibu kila mtaa hapa una bwawa la kuogelea la wazi lenye maji ya moto yatokayo ardhini, na pembeni kuna visima vidogo vya maji ya moto zaidi ambamo watu wazima hukaa hadi shingoni, theluji ikiwaangukia utosini, wakizungumza siasa. Hicho ndicho kijiwe chao. Hakuna kahawa wala bao. Kabla ya kuingia unaoga uchi mbele ya wenzako, na kuna mchoro ukutani unaoonyesha sehemu za kusugua. Mwezi wa kwanza nilikuwa nageukia ukuta. Wanangu wananicheka hadi leo, kwa kuwa wao hujifunza kuogelea shuleni kwa lazima, na binti yangu wa miaka kumi na mmoja ananipita kwa urefu wa bwawa zima.

Sasa, wakopaji. Wakati wa neema kulikuwa na mikopo ya aina mbili. Aina ya kwanza ilifuata sarafu za nje, hasa yeni na faranga ya Uswisi, kwa sababu riba yake ilikuwa ndogo. Wengi walinunulia magari. Krona ilipopoteza karibu nusu ya thamani yake, deni likawa kama maradufu, na mshahara ulikuwa uleule wa krona.

Aina ya pili ndiyo yangu. Inaitwa verðtrygging, na nimekata tamaa ya kuitamka. Maana yake ni kwamba deni lenyewe, siyo riba tu, linafungwa kwenye fahirisi ya bei. Umekopa milioni 20, bei zikipanda asilimia 10, unadaiwa milioni 22. Hukukosea chochote. Ulikuwa umelala. Mfumo huu uliwekwa kisheria mwaka 1979, wakati mfumuko wa bei ulikuwa unatafuna akiba za watu, na mwanzoni mishahara nayo ilifuata fahirisi. Mwaka 1983 ya mishahara ikakatwa. Ya mikopo ikabaki. Nilipoelewa jambo hilo moja, nilikaa ndani ya gari nje ya benki dakika ishirini bila kuwasha injini.

Fahirisi hiyo ina kila kitu: mkate, mafuta, hata pombe na sigara. Serikali ikipandisha kodi ya pombe, bei inapanda, fahirisi inapanda, na deni langu linapanda. Mimi ambaye sijawahi kuigusa! Walevi wa Iceland wananiongezea mkopo. Na hadi 2024 bei za nyumba nazo zilikuwemo kwenye hesabu, kwa hiyo nyumba zilipopanda, mkopo wa nyumba ulizifuata nyuma kama mtoto aliyeachwa sokoni. Februari 2023 mfumuko wa bei ulifika asilimia 10.2. Huo ndio mwaka ambao niliwaambia sitaweza kuja msibani, mkasema nimebadilika.

Mwaka 2008 hali ilikuwa mbaya zaidi. Kati ya Januari 2008 na Januari 2010 fahirisi ilipanda zaidi ya robo. Aliyekopa milioni 20 alijikuta anadaiwa zaidi ya 25, na wakati huohuo bei ya nyumba yake inashuka. Watu walibeba sufuria na miiko wakaenda kuzipiga mbele ya bunge, na Januari 2009 serikali ikaanguka.

Wakopeshaji waliwafanyaje wadaiwa? Hapa ndipo picha ya binamu inapodanganya. Mnada wa nyumba ulisimamishwa kwa muda, ukaahirishwa tena na tena. Mwaka 2010 ikaanzishwa ofisi ya umma ya kumtetea mdaiwa, kukaa naye mezani na kupanga anachoweza kulipa. Ukawekwa na utaratibu ulioitwa njia ya asilimia 110: kama nyumba yako ina thamani ya milioni 20 na deni ni milioni 28, wanalishusha hadi milioni 22. Angalieni vizuri. Hawakufuta. Walikuacha unadaiwa kuliko nyumba inavyouzika, na wengine wakakuita mwenye bahati. Waliobanwa kabisa walipoteza nyumba, na mfuko wa serikali wa mikopo ya nyumba ukaishia kumiliki nyumba zaidi ya 2,000. Tarehe 17 Juni 2009, sikukuu ya taifa, mtu mmoja huko Álftanes alichukua mashine ya kuchimbia akaibomoa nyumba yake mwenyewe baada ya benki kuichukua, kisha akalifukia na gari lake. Mzee wa bwawani akilisimulia hilo hacheki.

Kilichowakera watu zaidi ni kwamba mabenki mapya, yaliyoundwa juu ya kaburi la yale ya zamani, yaliichukua mikopo ya wadaiwa kwa bei ya punguzo kubwa. Wadaiwa wenyewe wakaendelea kudaiwa shilingi kwa shilingi.

Wenye mikopo ya sarafu za nje walikwenda mahakamani, na tarehe 16 Juni 2010 Mahakama ya Juu ikasema kufunga mkopo wa krona kwenye sarafu ya nje ni kinyume cha sheria. Watu wakashangilia. Septemba mahakama hiyohiyo ikasema sawa, lakini badala ya ile riba ndogo ya yeni walipe riba inayotangazwa na Benki Kuu, iliyokuwa juu sana. Wengine wakaletewa hesabu ya nyuma, kwa miezi waliyokwisha kulipa na risiti wanazo. Hadi Februari 2012 ndipo mahakama ikasema hapana, kilicholipwa na kupewa risiti kimelipwa.

Na wale wa fahirisi? Mkopo wao ulikuwa halali, kwa hiyo hakukuwa na kesi ya kushinda. Aliyethubutu kukopa yeni akatoka na nafuu, aliyekopa kwa tahadhari akaendelea kulipa. Mwaka 2014 serikali ya Waziri Mkuu Sigmundur Davíð Gunnlaugsson ilitoa punguzo kwa wenye mikopo ya fahirisi, lisilozidi krona milioni 4 kwa kaya, na ulichokwisha kupunguziwa zamani kinakatwa humo. Aprili 2016 akajiuzulu, baada ya nyaraka za siri zilizovuja kutoka Panama kuonyesha kwamba kampuni ya mkewe ilikuwa miongoni mwa wanaoyadai mabenki yaleyale yaliyokufa. Kuhusu jela, binamu yuko sahihi. Mwendesha mashtaka maalumu, Ólafur Þór Hauksson, aliyekuwa ofisa wa serikali katika mji mdogo wa Akranes, aliwafikisha mahakamani wakubwa kadhaa, na Februari 2015 vigogo wa Kaupthing wakathibitishiwa vifungo. Lakini kifungo cha mtu hakipunguzi deni la mwingine.

Nitasema haki moja ya wakopeshaji wa huku. Hakuna aliyenifokea. Afisa wa benki ananiita kwa jina langu la kwanza, kama wanavyomwita rais wao, na ananimiminia kahawa. Nyumbani mkopeshaji wa kausha damu anabeba televisheni, jiko na godoro, majirani wakihesabu. Lakini kausha damu, pamoja na ukatili wake, siku ya kwanza anakwambia utarudisha shilingi ngapi. Huyu wangu, na tabasamu lake, hata yeye hajui.

Tatizo ni kwamba watoto wanasikia ninapolalamika mezani. Wiki iliyopita mdogo, wa miaka minane, alimkopa dada yake krona 500 za aiskrimu. Ndiyo, aiskrimu, nje nyuzi tatu chini ya sifuri, watu wako kwenye foleni na kofia za sufu. Siku ya kulipa, binti akadai 550. Alikuwa ameandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye friji: aiskrimu imepanda bei, kwa hiyo deni limepanda. Mdogo akalia kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanya pale tu anapotaka nimwonee huruma, na mimi hunasa kila mara. Nikakaa kama Mahakama ya Juu. Nikauliza, mlipokopeshana mlikubaliana nini? Binti akasema, "Hatukusema, baba, lakini ndivyo ilivyo." Mdogo akasema, "Tulisema mia tano!" Mama yao akaniangalia kwa jicho la kuniuliza nimewafundisha nini hawa.

Nikaamua mia tano. Binti akanuna, akanyofoa karatasi yake kwenye friji, akaenda kujifungia chumbani, na hadi leo ananiambia sielewi uchumi.

Kwa hiyo, binamu, mweka hazina wetu: ahadi niliyoandika kwenye kadi ni shilingi laki tatu. Itaingia Ijumaa, laki tatu kamili. Vitu vimepanda, najua. Hatukukubaliana hivyo.