Kiegama na Jirani Yake: Kuieleza Pembetatu Mraba kwa Kiswahili

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa kwanza aliikariri kanuni ya Pythagoras kwa Kifaransa pasipo kukwama. Tulipomwomba amweleze kwa Kiswahili mjomba wake, ambaye ni fundi mwashi, alinyamaza. Ajabu ni kwamba mjomba mwenyewe huitumia kanuni hiyo kila apangapo msingi: hupima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, kisha huvuta kamba kati ya ncha mbili hizo, ikitimia mita 5 barabara, kona i sawa. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba maneno ya kuwakutanisha wawili hao yapo.

Pembetatu mraba ni ile yenye pembe moja ya nyuzi 90. Upande unaoikabili pembe hiyo, nao ndio mrefu kupita yote, huitwa kiegama, yaani kilichoegama, mfano wa ngazi ukutani. Kwa maoni yetu jina hili lafahamika upesi kuliko lile la Kigiriki, lenye maana ya kunyooka chini ya kitu.

Ukizijua pande mbili, wa tatu haukosi kupatikana. Ngazi ya mita 5 imesimamishwa, mguu wake u mita 3 kutoka ukutani. Mraba wa 5 ni 25. Toa mraba wa 3, yaani 9. Husalia 16, ambayo kipeuo chake cha pili ni 4. Basi ngazi yagusa ukuta kwenye mita 4. Wengi hujumlisha hapa badala ya kutoa, kwa kuwa hawakutambua kwanza kiegama ni kipi.

Na pembe je? Kwa pembe iliyo mguuni mwa ngazi, ukuta ni upande mkabala, ardhi ni upande jirani. Mkabala kwa kiegama ni sini. Jirani kwa kiegama, kosini. Mkabala kwa jirani, tanjenti. Kosini yetu ni 3 kwa 5, yaani 0,6, na jedwali latupa takriban nyuzi 53. Pembe ya juu ni 37, maana mbili hizo hutimiza 90.

Wanaozionea haya istilahi za kukopa wakumbuke asili ya sini. Wahindi walisema jiva, uzi wa upinde. Waarabu wakaliandika bila irabu. Watafsiri wa Kilatini wa karne ya 12 wakalisoma jayb, mkunjo wa nguo, wakaandika sinus.

Upande mmoja na pembe moja pia hutosha. Paa lina nusu ya upana ya mita 4 na mwinamo wa nyuzi 30: kimo chake ni 4 mara tanjenti ya 30, karibu mita 2,31, boriti ya mwinamo ni 4 kugawanya kwa kosini ya 30, karibu mita 4,62. Mwanafunzi yule alipomfikishia mjomba hesabu hiyo, kwa Kiswahili safari hii, mzee aliikubali, lakini akaagiza boriti ikatwe mita 5, kwa sababu paa sharti lipite ukuta.