Uainishaji wa Siliata wa Planktoni kwa Familia na Jenasi: Funzo kwa Mwanaisimu na Muundaji wa Istilahi

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi siliata wa planktoni, hususan kundi la tintinidi, wanavyopangwa katika familia na jenasi. Yanaonyesha kwamba uainishaji uliojengwa juu ya umbo la gamba peke yake umelazimika kurekebishwa, na kwamba marekebisho hayo yanamgusa mwanaisimu kwa njia mbili. Kwanza, yanafanana na mjadala wa muda mrefu kuhusu ngeli za nomino. Pili, yanatoa tahadhari kwa anayeunda istilahi za biolojia kwa Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Neno planktoni liliasisiwa na Mjerumani Viktor Hensen mwaka 1887 kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutangatanga. Linajumlisha viumbe wote, wakubwa kwa wadogo, wanaochukuliwa na maji bila ya uwezo wa kushindana na mikondo. Miongoni mwao wamo siliata, viumbe wa seli moja wasioonekana ila kwa hadubini. Wengi wao hula mwani mdogo na bakteria, nao huliwa na kopepoda pamoja na viluwiluwi vya samaki. Kwa hiyo ni kiungo muhimu katika mlolongo wa chakula baharini, na anayetaka kuueleza mlolongo huo hana budi kujua ni siliata gani anayemzungumzia. Hapo ndipo suala la uainishaji linapoanza.

2.0 Sifa Bainifu za Siliata

Siliata hutambulishwa na sifa mbili kuu. Ya kwanza ni silia, yaani vinyweleo vifupi vinavyopiga maji ili kumsogeza kiumbe au kumletea chakula. Ya pili ni kuwa na viini vya aina mbili katika seli moja: kiini kikubwa kinachoendesha shughuli za kila siku, na kiini kidogo kinachohusika na ubadilishanaji wa urithi. Sifa hizi ndizo zinazowaweka pamoja katika faila ya Ciliophora.

Siliata wengi wa planktoni ya baharini wamo katika ngeli ya Spirotrichea. Hawa wana safu ya silia zilizoungana kuzunguka mdomo. Katika oda ya Oligotrichida, safu hiyo ina mwanya, mfano wa pete iliyokatwa; jenasi Strombidium ni ya kundi hili. Katika oda ya Choreotrichida, safu imefunga duara kamili. Humo ndimo walimo tintinidi, ambao hujitofautisha na wenzao kwa kujijengea gamba liitwalo lorika.

3.0 Ngazi na Majina

Ngazi za uainishaji zimezoeleka katika Kiswahili kwa istilahi za himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Majina yenyewe, hata hivyo, hufuata Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000. Kwa kanuni hizo, jina la familia huundwa kwa shina la jina la jenasi moja na kiambishi tamati -idae. Hivyo kutokana na Tintinnus hupatikana Tintinnidae, na kutokana na Codonella hupatikana Codonellidae. Jina la spishi ni maneno mawili: la jenasi, linaloanza kwa herufi kubwa, na la pili linaloanza kwa herufi ndogo.

Mwanaisimu atavutiwa na kanuni moja zaidi. Jina la pili likiwa kivumishi cha Kilatini, sharti lipatane kijinsia na jina la jenasi. Mfano mzuri ni siliata anayeigeuza bahari kuwa nyekundu anapoongezeka kwa wingi. Lohmann alimwita Halteria rubra mwaka 1908, kwa kuwa Halteria ni jina la jinsia ya kike. Alipohamishiwa jenasi Mesodinium, ambayo si ya kike wala ya kiume, akawa Mesodinium rubrum. Baadaye wengine walimweka katika Myrionecta, naye akarudia kuwa rubra. Rangi ni ile ile; kilichobadilika ni upatanisho. Msemaji wa Kiswahili hashangai, kwani naye husema mti mwekundu, kitu chekundu na jambo jekundu bila ya kufikiri.

4.0 Lorika kama Kigezo

Kwa muda mrefu tintinidi waliainishwa kwa lorika tu. Sababu yake ni ya kiutendaji: seli yenyewe ni laini na huharibika au kujitenga na gamba inapohifadhiwa, bali lorika hubaki. Kazi kubwa ya Kofoid na Campbell iliyotolewa mwaka 1929, na nyingine ya mwaka 1939 iliyotokana na msafara wa Agassiz katika Pasifiki ya tropiki mwaka 1904 hadi 1905, ziliweka msingi wa familia na jenasi nyingi kwa kigezo hicho.

Vipengele vilivyotazamwa ni kama vifuatavyo:

(i) Ukuta. Baadhi ya lorika ni angavu kama kioo, kama ilivyo kwa Eutintinnus na Salpingella. Nyingine hugandishwa chembechembe za madini au magamba ya viumbe wengine, kama ilivyo kwa Tintinnopsis. Codonellopsis huchanganya yote mawili: shingo angavu juu ya bakuli lenye chembe.

(ii) Ncha. Lorika ya Eutintinnus iko wazi pande zote mbili. Ya Favella imefungwa chini, mara nyingi kwa mkia uliochongoka.

(iii) Shingo. Dictyocysta hutambulika mara moja kwa shingo yenye madirisha.

(iv) Mdomo. Kipenyo cha mdomo hubadilika kidogo kuliko urefu wa lorika, na kina uhusiano na ukubwa wa chakula anachoweza kukimeza kiumbe huyo.

Kwa vigezo hivi, spishi zipatazo 1,000 zimeelezwa.

5.0 Mipaka ya Kigezo cha Lorika

Udhaifu wa mpango huu ulidhihirika pale watafiti walipowatazama tintinidi wakiwa hai. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1981, Laval-Peuto alionyesha kwamba Favella ehrenbergii akiipoteza lorika yake huweza kujenga nyingine yenye mizunguko ya ond, ambayo kwa vigezo vya awali ingewekwa katika jenasi nyingine kabisa, Coxliella. Kiumbe mmoja, basi, angeweza kuhesabiwa kuwa wa jenasi mbili kwa kubadili nyumba tu.

Pigo la pili lilitokana na ulinganishaji wa jeni za RNA ya ribosomu. Ilibainika kwamba spishi zilizomo katika Tintinnopsis hazitokani na mzazi mmoja wa karibu. Zimetawanyika katika matawi mbalimbali ya tintinidi. Kugandisha chembe kwenye gamba, kwa hiyo, si ushahidi wa kutosha wa udugu. Vivyo hivyo, mwaka 2012 Agatha na Strüder-Kypke waliitenga jenasi mpya, Schmidingerella, kutoka Favella. Kwa mtazamo wa juujuu lorika zao hufanana, lakini ukuta wa Favella ni wa tabaka moja, ilhali wa Schmidingerella una vijumba mithili ya sega la nyuki, na jeni zao zinatofautiana. Spishi iliyoelezwa na Brandt mwaka 1906 sasa huandikwa Schmidingerella arcuata (Brandt, 1906). Mabano hayo si pambo. Yanamwarifu msomaji kuwa spishi imehama kutoka jenasi yake ya asili.

Haimaanishi kuwa lorika imetupwa. Ingali njia ya haraka ya utambuzi, na kwa spishi nyingi ndiyo taarifa pekee iliyopo. Kinachokataliwa ni kuifanya kuwa kigezo pekee cha nasaba.

6.0 Funzo kwa Isimu na Istilahi

Hali hii si ngeni kwa wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili. Anayeainisha nomino kwa viambishi awali peke yake ataviweka kifaru na kipofu pamoja na kitabu. Anayetazama upatanisho atasema kifaru amekufa, bali kitabu kimepotea. Kiambishi ni kama lorika: huonekana kwanza, husaidia utambuzi, lakini hakisemi yote kuhusu uhusika wa nomino katika sentensi. Mlinganisho huu una mpaka wake, kwa sababu ngeli za nomino hazidai nasaba, ilhali familia na jenasi zinadai. Hata hivyo, kosa la kimbinu ni moja: kulichukua umbo kuwa ndilo kundi.

Kwa upande wa istilahi, yanajitokeza mambo matatu. Kwanza, neno ngeli linabeba dhana mbili za kitaaluma. Si lazima mojawapo iachwe, maadamu muktadha unatofautisha. Ila kamusi na vitabu vya kiada havina budi kutaja uwanja wa matumizi. Pili, upatanisho wa jina siliata unahitaji kuafikiwa. Kwa kuwa ni kiumbe hai anayejiendesha na kula, upatanisho wa A-WA unamfaa, kama ilivyofanyika katika makala haya. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kuna kishawishi cha kuyatafsiri majina ya jenasi kwa kufuata umbo. Tintinnus ni neno la Kilatini lenye maana ya kengele. Mtu angeweza kupendekeza "kengele" kwa kundi zima na "kengele-mchanga" kwa Tintinnopsis. Lakini jenasi ikivunjwa kesho, istilahi hiyo itabaki ikidai udugu usiokuwapo, na mwanafunzi ataurithi uongo huo kwa lugha yake mwenyewe.

7.0 Hitimisho

Inapendekezwa kwamba istilahi za ngazi ziwe za Kiswahili, majina rasmi ya familia, jenasi na spishi yabaki katika Kilatini, na maelezo ya umbo yatolewe kwa Kiswahili fasaha kama maelezo tu, si kama majina. Utaratibu huo utaiwezesha lugha kuyapokea marekebisho ya sayansi bila ya kulazimika kuandika kamusi upya kila uainishaji unapobadilika.