Mchezo Unaposomwa Kama Njama

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake mjini Abercorn, ambao leo huitwa Mbala, ng'ambo kidogo tu ya mpaka wa kusini wa Ufipa. Askari wake Waafrika waliteremshwa hadi Kasanga, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyoitwa Bismarckburg na Wajerumani, wakapandishwa meli hadi Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa Tabora. Bunduki walikuwa wamekwisha kuziweka chini. Lakini askari wa pande zote mbili za vita ile, pamoja na wapagazi wao, walibaki na kitu kimoja ambacho hakuna aliyewadai: ngoma ya beni.

Beni ilizaliwa katika pwani ya Kenya miaka ya 1890. Ilikuwa ngoma ya kuiga bendi ya kijeshi, yenye tarumbeta, gwaride na sare, na utamu wake mkubwa ulikuwa katika vyeo. Kila chama kilikuwa na Mfalme wake, Gavana wake na Majenerali wake. Mpishi au karani aliyeitwa "boi" mchana kutwa, jioni alipigiwa saluti. Vyama viwili vikuu, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kukejeliana, navyo vilikuwa na matawi katika miji mingi. Matawi hayo yaliandikiana barua, na barua hizo, kama ilivyostahili, ziliandikwa kwa vyeo. Habari zote hizi zimekusanywa kwa makini na mwanahistoria Terence Ranger, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, katika kitabu chake juu ya beni kilichotolewa mwaka 1975.

Na afikirie msomaji hali ya ofisa wa Kiingereza wa mwaka 1919, mgeni wa nchi aliyoitwaa juzi kwa vita, anapowekewa mezani barua ambayo "Mfalme" wa mji mmoja anamwagiza "Jenerali" wa mji mwingine ajiandae kwa mashindano. Maofisa walianza kuandikiana ripoti za siri. Ilihofiwa kwamba palikuwa na njama iliyovuka mipaka ya makoloni. Jawabu lilikuwa ngoma.

Mambo hayo leo yamehamia katika simu. Kijana wa Sumbawanga mwenye kifurushi cha intaneti aweza kufanya kila alichofanya karani wa Marini, tena pamoja na watu asiowahi kuwaona. Katika michezo ya mtandaoni ya kuvaa uhusika, wachezaji hupeana vyeo, huunda vikosi, hupanga kuvamia benki isiyokuwapo, kisha hukamatana na kuhukumiana wao kwa wao. Maneno wanayotumia ni yale yale ya uhalifu wa kweli, kwa sababu lugha haina msamiati wa pekee kwa ajili ya uvamizi wa kubuni.

Basi mtu hutambuaje kwamba jambo ni mchezo? Swali hili lilimshughulisha sana mwanaanthropolojia Gregory Bateson. Mwaka 1952, katika bustani ya wanyama ya San Francisco, alitazama kima wadogo wakicheza. Waling'atana, lakini kila mmoja alijua kwamba kule hakukuwa kung'ata. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1955, Bateson alieleza kwamba lazima wanyama wale walikuwa wakipashana habari mbili kwa wakati mmoja: tendo lenyewe, na juu ya tendo hilo ishara isemayo "huu ni mchezo".

Watanzania hawakuhitaji kima ili kulielewa jambo hilo, maana wanao utani. Mtani hufika msibani akazuia njia ya makaburini mpaka alipwe, akamtukana marehemu, akajilaza mahali pa jeneza. Kwa maneno ya sheria hayo ni kuzuia mazishi, matusi na kudai fedha kwa nguvu. Hata hivyo, ni vigumu kumfikiria askari polisi wa Sumbawanga, awe Mfipa au amehamishiwa huko kutoka Mara, akifungua jalada kwa ajili ya mtani. Anazo funguo za kusoma tendo lile. (Kadhalika hakuna aliyekamatwa kwa kusema, kama wasemavyo Watanzania wengi kwa mzaha, kwamba radi ya Sumbawanga huagizwa.)

Ishara ya mchezo ina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba haisafiri. Hukaa katika sauti, katika uso, katika kumbukumbu ya yale yaliyosemwa dakika tano kabla. Barua ya beni iliyofunguliwa njiani iliiacha ishara hiyo uwanjani kwenye ngoma. Picha ya skrini iliyokatwa kutoka katika mazungumzo ya wachezaji na kupelekwa kituoni huiacha vivyo hivyo. Kinachofika ni maneno matupu: "Kesho saa nne tunaingia benki. Wewe leta gari."

Tukio mashuhuri la namna hii lilitokea Marekani tarehe 1 Machi 1990. Siku hiyo maofisa wa idara ya Secret Service walivamia ofisi za Steve Jackson Games, kampuni ndogo ya michezo ya kuvaa uhusika katika mji wa Austin, Texas. Walichukua kompyuta pamoja na mswada wa kitabu cha mchezo uitwao GURPS Cyberpunk. Chanzo cha msako hakikuwa mchezo. Alikuwa mfanyakazi mmoja aliyehusishwa na kusambaa kwa hati ya kampuni ya simu kuhusu huduma ya dharura. Lakini mswada ulipokwisha kuingia mikononi mwa wapelelezi, mwenye kampuni aliambiwa kwamba ulikuwa kitabu cha kufundishia uhalifu wa kompyuta. Kampuni ilipunguza karibu nusu ya wafanyakazi wake. Mwaka 1993 Jaji Sam Sparks aliilaumu idara hiyo vikali na kuiamuru ilipe dola 50,000 pamoja na gharama za mawakili. Na ile hati ya simu, ambayo mashtaka yaliyofunguliwa Chicago yalidai kwamba ina thamani ya dola 79,449? Ilidhihirika mahakamani mwezi Julai 1990 kwamba maelezo ya namna hiyo hiyo yalikuwa yakiuzwa kwa yeyote kwa dola 13, na mashtaka yakaondolewa.

Je, si heri polisi wakosee kwa kuzidisha hadhari? Hapa hesabu ndogo yafaa. Chukulia kwamba kati ya wachezaji 100,000 wako watano wenye nia ya kweli ya kudhuru watu. Chukulia tena kwamba imepatikana dalili nzuri ajabu, ambayo huonekana kwa wanne kati ya hao watano, na kwa mmoja tu kati ya kila 100 wasio na hatia. Dalili hiyo itawanasa wahalifu 4, na pamoja nao watu wapatao 1,000 waliokuwa wakicheza. Ofisa atakayemkamata kila aliyeonyesha dalili atakosea zaidi ya mara 99 katika kila 100. Hesabu hii haitegemei uzembe wa mtu. Hutokana na uchache wa jambo linalotafutwa, na dalili ikiwa hafifu zaidi, hali huwa mbaya zaidi. Nyaraka zilizofichuliwa Desemba 2013 zilionyesha kwamba mashirika ya ujasusi ya Marekani na Uingereza yalikuwa yamepeleka watu wao katika michezo kama World of Warcraft na Second Life, kwa wingi kiasi kwamba ilibidi kiundwe kikundi cha kuzuia majasusi wasigongane. Nyaraka hizo hazikutaja hata njama moja ya kigaidi iliyozuiwa kwa njia hiyo.

Haki inadai pia upande wa pili usemwe. Mwaka 1935 wachimba migodi wa Ukanda wa Shaba, ambako Wafipa wengi nao walikwenda kutafuta kazi, waligoma kwa sababu ya kodi, na polisi wakawaua watu 6 huko Luanshya. Tume ya Sir Alison Russell ilichunguza kama vyama vya mbeni, watoto wa beni ya askari, vilisaidia kupitisha habari za mgomo. Watu waliokwisha kuzoea kukutana, kuwa na viongozi na kupelekeana ujumbe wanaweza kuutumia mpango huo kwa jambo la kweli. Lakini jambo la kweli lilikuwa kodi, na kodi haikuwa siri.

Yako pia matukio ambayo polisi hawausomi mchezo vibaya, bali hudanganywa kwa makusudi. Tarehe 28 Desemba 2017 ugomvi juu ya dau la dola 1.50 katika mchezo wa vita Call of Duty ulimfanya mtu mmoja aliyekuwa Los Angeles kupiga simu polisi wa Wichita, Kansas, akidai kwamba katika nyumba fulani mtu ameua na kushika mateka. Polisi walizunguka nyumba. Mkazi mmoja wa nyumba hiyo, ambaye hakuwamo kabisa katika mchezo ule, alifungua mlango na kupigwa risasi akafa. Aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2019. Hapa uhalifu ulikuwa simu yenyewe, na kwa kadhia kama hiyo hakuna awezaye kuwataka polisi wacheke.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Kifungu cha 16 kinaadhibu kutoa habari za uongo, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini kinadai kwamba mtoaji ajue kuwa ni uongo na awe na nia, kama vile ya kutisha au ya kuupotosha umma. Nia ndiyo hasa isiyoonekana katika picha ya skrini. Huonekana mazungumzo yote yakisomwa kuanzia mwanzo, na wachezaji wengine wakiulizwa, kazi ambayo askari mmoja aweza kuimaliza kwa asubuhi moja. Kifungu cha 31, kwa upande wake, kilimpa mkuu wa kituo uwezo wa kuidhinisha upekuzi na kuchukua kifaa, akiridhika kwamba ziko sababu za msingi za kushuku. Kwa mkulima wa mahindi wa Laela au Matai, simu ambayo mwanawe huichezea jioni aghalabu ndiyo hiyo hiyo inayopokea malipo ya mahindi. Ikikaa kituoni mwezi mzima kama kielelezo, hasara huanza kuhesabiwa siku ya kwanza, kabla haijajulikana kama kosa lilikuwapo.