Machozi Yenye Mwendo wa Ngoma

Wako wanaosema kwamba mwenye huzuni hunyamaza, na achezaye ndiye mwenye furaha. Sisi tuliokesha matangani, tukasikia ngoma mpaka alfajiri, twajua kwamba kucheza na kulia hukaa nyumba moja. Kwa hiyo hatukustaajabu sana tulipoisikiliza albamu iitwayo Honey, yaani Asali, ya mwimbaji wa Uswidi ajulikanaye kwa jina la Robyn. Ilitoka mwezi wa Oktoba 2018, nayo ina nyimbo 9.

Robyn alizaliwa Stockholm mwaka 1979. Mwaka 2010 alipata sifa nchi nyingi kwa wimbo Dancing on My Own, habari za mwanamke anayecheza peke yake huku akimwona ampendaye yuko na mwingine. Kisha ikapita miaka 8 asitoe albamu yake mwenyewe. Mwaka 2014 Christian Falk, rafiki yake na mwenzi wake wa kazi kwa miaka mingi, alifariki kwa saratani. Karibu na wakati huo huo alitengana na mwanamume aliyempenda, ingawa baadaye walirudiana. Misiba miwili kwa moyo mmoja! Kwa muda mrefu kazi ilimlemea.

Wimbo wa kwanza, Missing U, watueleza jinsi mtu akiisha kuondoka, pengo lake hubaki nyumbani kama mgeni asiyeaga. Vinanda vya umeme vyameremeta, miguu yataka kucheza, na maneno yaliza.

Lakini uliotugusa kuliko zote ni wa tatu, Because It's in the Music. Wawili walikuwa na wimbo wao, walipendana wakiucheza. Sasa mapenzi yamekwisha, wimbo haukwisha. Mwanamke huyo ajua kwamba utamchoma, hata hivyo auweka tena. Nani kwetu hana wimbo wa namna hiyo? Jirani afungua redio, rumba ya zamani yasikika ukutani, na mama aliyekuwa akichambua mchele asimamisha mikono yake. Watoto wamwuliza: Mama, una nini? Naye ajibu: Hakuna kitu.

Si nyimbo zote zilizo na uzito huo. Beach 2K20 kwetu ni mchezo tu, wala tusingeukosa kama usingekuwapo. Wimbo wa mwisho, Ever Again, ni kiapo: mwimbaji asema hatakubali kuvunjika moyo tena. Twamtakia heri, ila viapo vya namna hiyo twavijua.

Mwezi wa Machi 2019 Robyn aliimba New York, katika ukumbi wa Madison Square Garden. Watu walipotoka, wakashuka kwenye stesheni ya treni ziendazo chini ya ardhi. Hapo, wakiwa wamesongamana ukingoni mwa reli, walianza kuimba Dancing on My Own, watu wasiojuana, wimbo wa mtu aliye peke yake, wote kwa sauti moja.